Nakala ya Arobaini na Moja

Lorne Hiebert wa Winnipeg alikuwa na santuri elfu mbili, zote za pop ya vinanda vya umeme, zote za matoleo madogo yenye nakala za kuhesabika. Nilifanya naye kazi karakana ya mabasi miaka kumi na tisa, na ushamba wangu wa muziki aliuvumilia. Kila toleo alinunua nakala mbili: moja ya kusikiliza, nyingine haivuliwi nailoni ya kiwandani mpaka kiama.

Moja tu, nakala ya arobaini na moja kati ya mia mbili za toleo lake, haikuwa na mwenzake. Aliyeimba humo ni mkewe, Darlene, akiwa na miaka ishirini na miwili, kabla hawajajuana. Bendi ilipovunjika akaenda kufundisha shule, asiimbe tena hata bafuni, wala hakubaki na nakala. Lorne aliipata kwenye mnada wa vitu vya marehemu, ikiwa bado na nailoni yake. Alilia palepale, na mimi nilimcheka.

"Basi ifungue, usikie," Darlene akamwambia.

"Una wazimu? Ikifunguliwa imekufa hii. Nitatafuta ya pili. Akiba haiozi, mama."

"Hiyo ya pili utaipata nikiwa kaburini."

"Utawaimbia hukohuko, wakome."

Tulicheka sote watatu. Akaitafuta miaka kumi na moja, barua kwa barua, duka kwa duka, asiipate.

Januari iliyopita Darlene alipasuliwa koo. Uvimbe ulitoka, na sauti ikaenda nao. Kilichobaki ni mnong'ono. Jumamosi moja Lorne akanipigia simu niende. Nikamkuta sebuleni na wembe mkononi, santuri mapajani, Darlene akikaanga perogi, vile visambusa vya viazi, jikoni. Akaikata nailoni polepole. Nikamwonea huruma.

Watu wa santuri wote wanalijua hili, na kila mmoja hudhani halimhusu: ile nailoni hujikaza mwaka hadi mwaka, ikalivuta jalada, jalada likapinda pamoja na kilichomo. Santuri ilitoka imekunjamana ukingoni kama chapati iliyosahaulika. Sindano ikaruka, ikatua mbele, ikaruka tena. Tulisikia ngoma za mashine na nusu ya neno la msichana, mara tatu, basi.

"Subiri, subiri kwanza," Lorne akasema. Akabandika sarafu juu ya mkono wa sindano ili uwe mzito. Wapi!

Darlene akatoka jikoni, akaizima mashine. Siku hizi humsikii mpaka chumba kinyamaze.

"Sauti yangu mimi naijua, Lorne," akanong'ona. "Niliyetaka aisikie ni wewe."