Sumaku ya Shangazi Skola

Harufu ya vumbi linaloungua juu ya waya wa moto hunirudisha shuleni mpaka leo, hata ikitoka kwenye pasi ya jirani. Ilikuwa miaka ya sabini, nami nikiwa kidato cha pili katika shule ya wasichana ya misheni, si mbali na Iringa mjini. Mwalimu wetu wa fizikia, Mnyakyusa mwembamba mwenye utani mwingi, alifunga mapazia ya maabara akawasha bomba la kioo lililoondolewa hewa. Ndani yake ukatokea mstari wa kijani, mwembamba kama uzi. Alisema ule ni msafara wa chembe zenye chaji, ndogo kupita fikra, na kwamba radi nayo ni chaji inayokimbia. Kisha akanipa sumaku. "Sogeza, usiogope, haing'ati." Nikasogeza, mstari ukapinda. Nikaigeuza sumaku, ukapinda upande wa pili. Wenzangu walipiga yowe, nami nikavimba kichwa. Mwalimu aliendelea kueleza mengi, lakini sikuyasikia kwa kujiona.

Desemba ile nilirudi nyumbani kwa likizo, mvua zikiwa zimeshika. Siku ya tatu radi ilimpiga mdogo wangu Edita, wa miaka minane, alipokwenda shambani kuchuma majani ya maboga. Ni mimi niliyemkuta. Alikuwa ameegemea tuta kama mtu anayepumzika, kikapu mapajani, nywele za upande mmoja zimebabuka. Nilimwita mara tatu kabla ya kumgusa.

Kwetu radi ilikuwa kitu cha kutumwa, na matanga yakiisha alitafutwa aliyeituma. Shangazi Skola, dada yake baba, alikuwa amegombana na mama juu ya mpaka wa shamba muda mfupi kabla ya msiba. Alikuwa mjane, mcheshi, fundi cherehani; ndiye aliyenishonea sare ya shule. Pini zikimwanguka aliziokota kwa sumaku aliyoivaa shingoni kwa uzi. Kijiji kizima kiliijua sumaku ile, na sisi watoto tulikuwa tukiichezea.

Wazee wa ukoo walikaa kwetu mchana, mvua ikipiga bati, na shangazi akaitwa. Walisema lisemwalo lipo. Baba alimpenda dada yake na hakutaka kuamini. Akaniita, nikapiga magoti karibu na mlango.

"Wewe ndiye tunakusomesha," alisema. "Hii radi, mtu anaweza akaigeuza, ikaenda anakotaka yeye?"

Leo najua alikuwa ananiomba nikatae. Lakini mimi niliuona ule uzi wa kijani ukiutii mkono wangu, nikataka wazee wajue kwamba nimesoma.

"Ndiyo, baba. Akiwa na sumaku anaweza kuipinda."

Naapa sikumfikiria shangazi hata kidogo. Macho yote yakaenda shingoni mwake. Akaifunika sumaku kwa kiganja, akanitazama mimi peke yangu. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilianza kueleza habari za bomba na waya na mwalimu, lakini nani alikuwa ananisikiliza tena? Asubuhi yake shangazi alipanda lori la Mbeya na cherehani yake, na vijana wa ukoo wakang'oa paa la nyumba yake.

Niliisoma fizikia mpaka chuo kikuu, nadhani kwa ajili yake. Nilipohitimu nilimfuata Mbeya, nikamkuta nyuma ya soko akishona, macho yamefifia. Nilimweleza yote, kwamba hakuna mkono wa mtu unaoweza kuiongoza radi, wala sumaku ya kuokotea pini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Mwanangu, hayo mimi nilikuwa nayajua. Baba yako umeshamwambia?"

Nilikuwa sijamwambia. Niliogopa kumvunja moyo mzee, nikasema nitamwambia mwakani, na mwakani tena, mpaka tukamzika. Shangazi naye amezikwa hukohuko Mbeya. Mvua ikianza hapa Kihesa ninakoishi bado nayaona macho yake, na sipendi kuwa peke yangu.

Siku hizi kijijini kwetu kuna umeme, shule imewekewa vyuma vya kukinga radi, na watoto wakisikia habari za radi ya kutumwa hucheka. Hucheka, lakini katika ukoo wetu kuna akina Edita watano, na hakuna hata mmoja aliyepewa jina la Skola. Mimi mwenyewe nilizaa mabinti watatu.