Dhahabu ya Duara Lililofungwa

Zipora Maduhu hakuingia kwenye dhahabu kwa mlango wa mbele. Alianza pale Nyarugusu akiwauzia wachimbaji wali maharage, na wasio na hela walimlipa vumbi la dhahabu ndani ya kipande cha nailoni. Aliyemfundisha kutopunjwa ni Januari, rafiki wa kaka yake. Alimpa jiwe jeusi la kusugulia, akamwonyesha tindikali ipi inafuta alama ya dhahabu ipi. Leo Zipora ana kibali cha udalali, chumba chenye nondo dirishani, na sifa moja isiyobishaniwa: jiwe lake halisemi uongo.

Kaka yake, Mayala, alikuwa na duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, la ubia na huyo Januari. Dhahabu ya shimo lile aliyeizoea haimpotei. Imepauka, kwa kuwa ina madini mengi ya fedha ndani yake. Mwezi wa tano Januari akaanza kusema duara limekauka. Mayala hakuamini. Alimwambia dada yake kwamba mifuko ya mawe inapungua njiani kabla ya kufika karasha, mashine ya kusagia mawe. Wiki mbili hazijaisha, akakatwa mapanga mlangoni kwake. Wauaji hawakuchukua simu wala pikipiki. Januari alinunua jeneza, akalia kuliko wafiwa, na duara likafungwa, maana pale hakuna anayeshuka kabla mwenye shimo aliyekufa hajatambikiwa.

Siku moja, tambiko halijafanyika bado, saa nne asubuhi akaingia mgeni mwenye kofia.

"Mwangaluka, mayu," akasalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Karibu. Leta tuone."

Akaweka kitonge cha dhahabu mezani. Zipora hakukigusa. Aliangalia rangi, kisha akaangalia mikono. Rangi ilikuwa ya duara la kaka yake. Mikono ilikuwa laini, haijui nyundo.

"Umechimba wapi?"

"Sichimbi. Mimi mtu wa Ushirombo. Nilikuwa na kazi huku, nikalipwa."

"Kazi gani inalipa hivi? Na mimi nikaombe."

Mgeni akacheka kwa pua. "Huiwezi, mama. Kwani wewe unapima dhahabu au unapima watu?"

"Dhahabu. Watu hawana bei nzuri."

"Inategemea mnunuzi," akasema yule mgeni, na safari hii hakucheka.

Uso wa Zipora ulibaki uso wa sokoni. Apige kelele? Aseme nini, kwamba rangi ndiyo shahidi? Jalada la Mayala kule polisi halikuwa na jina la mshukiwa hata mmoja. Na huenda aliyemlipa ni kibarua tu aliyeiba mawe. Alimtaka aliyeitoa dhahabu hii ajitokeze mwenyewe kuitetea.

Akasugua kitonge jiweni. Kisha, badala ya kichupa cha siku zote, akachukua tindikali kali, ile ambayo dhahabu yenye fedha haiwezi kuistahimili. Tone moja tu, alama ikafutika.

"Imechanganywa, baba. Shaba."

"Nini? Aliniapia!"

"Kuapa ni bure. Mrudishie aliyekupa. Mwambie jiwe la Zipora limekataa."

Mgeni akakikwapua kitonge, akatoka, akarukia bodaboda.

Zipora akawaambia wateja waliokuwa nje wasubiri, akafunga mlango kwa ndani. Ule ulikuwa uongo wake wa kwanza juu ya jiwe, na alijua gharama yake. Aliyemlipa mtu yule sasa atalisikia jina la Zipora. Akiwa mjanja atanyamaza, na kofia ile itarudi, safari hii bila kitonge.

Nusu saa ikapita. Simu ikaita. Januari.

"Mama Aneth, dada yangu, nimeweka sauti kubwa. Mwambie huyu bwana ukweli! Umetumia tindikali gani? Hii haina shaba, ni nyeupe kwa asili yake. Wewe si unaijua dhahabu ya duara letu!"

Hapo akajisikia alichotamka, kama mtu aliyekanyaga hewa mdomoni mwa shimo: duara lao lilikuwa limefungwa.

"Dada?" Sauti ilikuwa imeshuka.

Sauti nyingine ikaingia, ya yule mgeni. "Mama, sema wewe. Ni nzima au si nzima?"

Neno moja tu lingemtoa Januari mikononi mwa muuaji wake wa kukodi. Januari huyu ndiye aliyembeba Aneth, binti wa Zipora, mgongoni hadi zahanati mwaka ule wa surua, mvua ikinyesha, bodaboda zote zimekwama. Zipora alilikumbuka hilo, akalipima kwa haki. Halikuwa jepesi. Akamweka Mayala upande wa pili.

"Mama Aneth, tafadhali," Januari akasema. "Tutazungumza mimi na wewe. Mwambie kwanza."

"Nilishapima," Zipora akajibu. "Sipimi mara mbili."

Akakata simu. Kisha akafungua mlango, akamwita mteja wa kwanza.