Kaza Tena Ukifika Iganga

Siku tuliyompeleka mama mkwe wangu kuzikwa Mbale naikumbuka mpaka leo, mwanangu, wala sipendi kuikumbuka. Lakini jana nimekuona hapa Bugembe, umelala chini ya gari ulilojijengea mwenyewe, unakaza springi huku unapiga mluzi, na nimesikia siku ya harusi utalipeleka Mbale na mkeo ndani. Basi kaa hapo mkekani unisikilize. Chai ipo.

Mume wangu Juma alikuwa kijana kama wewe, mtu ambaye mikono yake haitulii. Fremu aliipata kwenye pikapu iliyoungua, ekseli akaitoa kwenye gari jingine, injini kwenye jingine tena, bodi akaichomelea mwenyewe uani. Watu wa mjini Jinja walimcheka, wakaliita gari lake kachumbari. Mama yake tu, kule Wanyange, ndiye hakucheka. Alisema yeye ndiye atakayekuwa abiria wa kwanza, na kweli akawa.

Alifariki alfajiri. Wosia wake ulikuwa azikwe Mbale, ubavuni mwa mumewe, na sisi Waislamu maiti hatuilazi, kwa hiyo ilibidi tufike mapema, watu waswali na kuzika kabla jua halijazama. Gari la Juma lilikuwa limekamilika jana yake. Hata rangi ilikuwa bado inanuka.

Mimi ndiye niliyemshikia taa na spana alipofunga zile bolti za springi, kwa hiyo usidhani nasimulia mambo ya kusikia. Unazijua, zile zilizopinda kama kishikio cha ndoo, zinazobana springi kwenye ekseli. Juma alizifunga vizuri. Alilishusha gari kwanza kutoka kwenye jeki, likae kwa uzito wake, akakaza nati kidogo kidogo, akitoka pembe moja kwenda ya mkabala, asimalize upande mmoja akasahau wa pili. Kosa lilikuwa rangi. Alizipaka springi rangi nene nyeusi zipendeze, akazibana hivyo hivyo. Alijua rangi ile itapondeka gari likianza kurukaruka, na nati zitalegea. Aliniambia, "Nikifika Iganga nitasimama, nikaze tena." Hakuwa mjinga mume wangu, na anayesema alikuwa mjinga aje aniambie mimi.

Niliyekuwa naye nyuma, kando ya jeneza, ni mjomba wake Juma, kaka wa marehemu. Alikuwa askari mstaafu mwenye Kiswahili cha kambini, na nyumba nzima ilimwita Afande, hata watoto wake. Tulipokaribia Iganga, Juma akapunguza mwendo.

"Afande, nisimame kidogo nikaze bolti. Bado ni mpya, zinalegea."

"Hapana. Maiti hapana simamisha kwa njia kama mzigo ya matoke. Mama yako anangoja kaburi, na wewe unataka kushika spana?"

"Ni dakika chache tu, Afande."

"Nimesema endesha."

Juma alinitazama kwenye kioo. Mimi nilikuwa bibi harusi wa juzi, nimejifunika, kichwa chini, na katika nyumba ile bibi harusi hakuwa na la kusema mbele ya Afande. Juma akakanyaga mafuta. Iganga tukaipita, soko likabaki nyuma, tukashika barabara ya Tirinyi.

Huko mbele, penye mashamba ya mpunga, nilisikia mlio chini ya miguu yangu, kitu kinagonga, kinanyamaza, kinagonga tena. Juma naye alisikia, maana niliona mabega yake yamekakamaa. Hakuomba tena. Alikuwa ameshakatazwa. Halafu ekseli ikahama upande mmoja, gari likajigeuza lenyewe kama limevutwa na mtu, na usukani haukulirudisha. Tulipinduka mtaroni. Mimi nilivunjika nyonga, ndiyo sababu natembea hivi. Afande alitoka na michubuko. Juma alibanwa na usukani, akafa kabla watu wa shambani hawajainyanyua bodi.

Walipokuwa wakimtoa, nilijiburuta mpaka kwenye gurudumu la nyuma. Nati zilikuwa bado zipo mahali pake, zote. Nilizigeuza kwa vidole.

Mama na mwanawe walizikwa Mbale siku ile ile, kaburi kwa kaburi. Afande aliishi miaka mingi baadaye. Kila Idi alikuja hapa, akakaa mlangoni, akaondoka bila kunitazama usoni. Siku moja tu alisema, "Nilifikiri namheshimu dada yangu." Nilimpa maji akanywa. Watu husema hasira huisha na uzee, na mimi nawaambia waje waulize hapa.

Sasa sikiliza, mwanangu. Kwangua rangi yote pale springi inapobanwa, chuma kikutane na chuma. Kaza gari likiwa chini, kidogo kidogo, pembe kwa pembe. Ukifika Iganga simama, ulale chini ya gari, ukaze tena, hata kama suti yako ya harusi itachafuka. Ukirudi kutoka Mbale, kaza tena. Na ndani ya gari hilo akiwemo baba mkwe, sheikh au afande, akakwambia endesha, wewe zima injini, uchukue ufunguo, ushuke. Atakuita mtoto asiye na adabu. Mwache akuite. Wewe utasikia neno hilo ukiwa hai, na mkeo atalisikia akiwa na mume.

Haya, nenda ukamalize kazi yako. Mungu akufikishe salama, akupe mikono yenye subira na mdomo usiomwogopa mzee yeyote barabarani, hata mimi.