Kisigino cha U Thaung

Mtaani kwetu Mandalay, U Thaung anajulikana kwa mambo mawili: saladi ya majani ya chai anayouza asubuhi, na kisigino cha kulia anachochezea mpira jioni. Mpira wetu umesukwa kwa fito nyembamba za henzirani na hauguswi kwa mikono. Watu watano wanazunguka, wa sita yuko katikati anaonyesha manjonjo, wenzake wanamlishia. Hakuna goli wala mshindi. Na hapo katikati ni pa U Thaung, na kitambi chake.

Mwaka mmoja kano ya kisigino hicho ikakatika kwa mlio tuliousikia sote. Daktari akaishona. Kiatu kigumu alichovishwa kilipovuliwa, Ma Wutyi, binti anayetibu kwa mazoezi ya viungo, akaagiza mguu uanze kubebeshwa uzito kidogo kidogo. U Thaung alitaka jambo moja tu: sikukuu ya mwezi wa Waso imkute katikati ya duara.

Mkewe, Daw Ohn Yin, hakutaka hata kusikia. Mguu ukawekwa juu ya mto, kitanda kikageuzwa ili nyayo zisielekee madhabahu ya Buddha, maana huko ni kumkosea heshima. Maskini akabaki kutazama ukuta, mchezo anausikia kisogoni. Shavu la mguu likasinyaa.

Siku moja mkewe akamfuma jikoni kashikilia mtungi, anainua visigino.

"Wee mzee! Unataka ikatike tena nikubebe mgongoni?"

Ma Wutyi ndiyo kwanza anaingia. "Shangazi, mwache. Ndani ya kano mna seli. Zikihisi zinavutwa, zinapelekeana ujumbe: hapa pana kazi, tengenezeni nyuzi, zipangeni. Zisipovutwa, nyuzi zinalala shaghalabaghala."

"Na zikivutwa sana?"

"Kano inakatika. Ndiyo maana tunaongeza polepole."

Daw Ohn Yin akautazama mpira aliouacha nusu sakafuni, maana yeye ndiye msukaji wa mipira yetu.

"Kumbe ni kama henzirani," akasema. "Usipoivuta unaposuka, unapata tenga, si mpira." Akamgeukia mumewe. "Haya, umeganda nini? Inua! Sasa shusha polepole, nani anakufukuza?"

Tangu hapo tulikoma. Inua, shusha, kila asubuhi, mtaa mzima unasikia. U Thaung mwenyewe akaanza kumnong'oneza Ma Wutyi amwombee mapumziko.

Sikukuu ikafika. Tulimlishia mpira kwa upole, kama mgeni. Akaupiga kwa goti, akaupiga kwa ubavu wa mguu, kisha akauacha upite nyuma ya mgongo. Kisigino kile kile kikaukuta hewani, tak! Ukapaa juu ya vichwa vyetu. Kwa furaha nikasahau kuwa unakuja kwangu, ukaniangukia miguuni.

Watu wakanizomea, nami nikacheka nao. Daw Ohn Yin hakucheka. Alisimama pembeni machozi yakimtoka, macho kwenye kisigino cha mumewe, na midomo yake ilikuwa bado inasema, bila sauti: shusha polepole.