Bunge la Chilunje

Siku Khalidi alipowatangazia watu wa kitongoji cha Chilunje kwamba chama chao cha maji hakitakuwa tena na mwenyekiti, mzee Eliakimu aliuliza swali moja tu: mbuzi akichinjwa, paja apewe nani?

Watu walicheka, maana paja lilikuwa la mwenyekiti siku zote. Khalidi alikuwa kijana wa Dodoma mjini, mwenye shahada ya kompyuta na shati lililopigwa pasi hadi mikono ikasimama yenyewe. Alieleza kwa upole. Fedha za ndoo za maji zingeingia kwenye mfuko usioshikwa na mtu. Sheria za mfuko zilikuwa zimeandikwa ndani ya kompyuta nyingi za nchi mbalimbali, zote zikichungana, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuzifuta peke yake. Mwenye hoja angeituma kwa simu, wanachama wangepiga kura kwa simu yoyote, hata kitochi cha vitufe, na hoja ikipita fedha zingekwenda zenyewe zinakotakiwa. Hakuna saini, hakuna muhuri, hakuna mtu.

"Kwa hiyo mwenyekiti ni kompyuta," alisema Tereza.

"Hakuna mwenyekiti kabisa, mama."

"Sasa tutamwamkiaje?"

Seth, mwenyekiti aliyekuwa akiondolewa, alisema kwa uchungu kwamba kompyuta haiwezi kwenda misibani. Ni kweli. Lakini pia kompyuta haikuwahi kujijengea choo cha vigae mwaka uleule ambao pampu ilikosa dizeli. Watu wakakubali mpango.

Loisi alikubali pamoja nao, akarudi kwenye kibanda chake bila kuwaza kwamba amepewa nchi.

Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mwenye sauti ya kuita mbuzi na mdomo usiojua kubisha hodi. Nguzo za umeme ziliishia kijijini. Chilunje zilionekana kwa mbali tu, kama wageni wanaopita njia nyingine. Loisi aliweka paneli mbili juu ya kibanda cha bati, akafunga waya kila upande, na watu wakawa wanaacha simu zao asubuhi wakienda kwenye mashamba ya uwele au malishoni, na kuzichukua jioni. Kibanda kile kilimlisha, na kilimsomesha bintiye Erica uuguzi. Hakuwa na kingine. Shamba lake lilikuwa la kupandia matumaini.

Tena wazee walitaka asomewe huyu ujumbe, atumiwe yule fedha, kwa hiyo Loisi alizijua namba za siri za kitongoji kizima. Nyingi zilikuwa moja mbili tatu nne. Kazi haikuwa kubwa.

Hoja ya kwanza ilikuwa ya kukarabati birika la mifugo. Ilipoingia, simu zote zililia kwa pamoja ndani ya kibanda kama vyura baada ya mvua. Jioni wenyewe wakaja.

"Loisi, hii ni nini tena?"

"Kura."

"Basi nipigie. Mimi nimechoka."

Hoja ya pili hawakuuliza hata kidogo. Ya tatu Loisi aliimaliza kabla chai haijapoa. Baada ya miezi michache Khalidi alikuja mbio na pikipiki, uso unang'aa.

"Asilimia mia!" alisema. "Kila mwanachama anapiga kura! Vyama vya namna hii Ulaya vinabembeleza watu wapige kura na hawapigi. Ninyi hakosi hata mmoja. Nimewaonyesha wafadhili, wamepiga makofi."

"Hata Luka hakosi," alisema Loisi.

"Ndiye nani?"

"Mwanachama mwenye bidii sana."

Khalidi aliandika jina hilo kwa heshima, asijue kwamba Luka alishazikwa na simu yake ikabaki kibandani, na Loisi akamwacha. Kumkatisha mtu mwenye furaha ni ukatili.

Kisha, siku moja baada ya mavuno, vyura wakalia tena. Loisi alichukua simu ya karibu akasoma: fedha za mfuko zinunue paneli, betri na taa kwa kila kaya, pamoja na waya wa kuchajia simu. Akasoma kwenye simu ya pili, labda ile ya kwanza imekosea. Kila simu ilisema pamoja na waya wa kuchajia simu.

Mleta hoja alikuwa Tereza, dada wa marehemu mumewe, na alikuja mwenyewe kabla ya saa sita.

"Wifi, umeiona hoja yangu?"

"Nimeiona mara nyingi kuliko wewe."

"Nibonyezee ndiyo."

"Unajua unachoniambia nibonyeze?"

Tereza aliangalia waya, akaangalia bati, akaangalia kila kitu isipokuwa Loisi. "Watoto wangu wanasoma kwa kibatari. Wanaamka na masizi puani kama wachoma mkaa. Wewe utauza vitu vingine."

"Vitu gani?"

"Vitu. Sabuni."

"Sabuni wanauza watu watatu, na wote wananuka jasho."

Tereza alicheka bila kutaka, kisha akaondoka kama mtu aliyekumbuka chungu motoni.

Wakaja wengine. Hakuna aliyekaa. Walisema "ndiyo" kwa sauti ya watu wanaotoa pole, na mmoja alimwachia karanga. Mzee Eliakimu peke yake ndiye aliyesema, "Bonyeza unavyoona, mwanangu. Mimi nataka huo mlio uishe."

Loisi alianza na simu ya Tereza. Moja ni ndiyo, mbili ni hapana. Alikaa na kidole juu ya moja kwa muda mrefu, akiwaza ada ya Erica. Kidole kikasogea. Akabonyeza mbili. Baada ya hapo hakikuhitaji kusukumwa. Kilipita simu hadi simu, kikamaliza kitongoji, kikamaliza na marehemu.

Jioni matokeo yakaingia. Hoja imekataliwa. Ndiyo: sifuri.

Hapo ndipo Loisi alipotambua kwamba hana kipaji cha wizi. Mwizi mwenye akili huacha hata vijiko. Yeye alikuwa amempigisha Tereza kura dhidi ya Tereza.

Kesho yake watu walijaa mbele ya kibanda, wakasimama. Kumshitaki mtu kunahitaji wa kufungua kikao, na chama hakikuwa na wa kufungua kikao. Seth alikohoa, akasema, "Itifaki imezingatiwa," wakamzomea akakaa. Mwishowe Tereza akajitokeza.

"Wifi. Mimi niliipinga hoja yangu mwenyewe?"

"Uliipinga kwa nguvu sana."

Kuna waliocheka. Tereza hakucheka, na Loisi akaacha mzaha.

"Nimebonyeza mimi," alisema. "Zote. Mlinipa simu zenu na namba zenu za siri, mkaniambia nijinyonge, tena niwahi kwa sababu mna kazi shambani. Nimekataa. Nimewaibia kura, ndiyo. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyetaka kunitazama usoni wakati anazitoa."

Khalidi aliitwa. Alikagua mfumo wake, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, shati limeanza kulegea.

"Haukuchezewa," alisema. "Umefanya kazi sawasawa kabisa."

"Hilo ndilo linalotisha," alisema Eliakimu.

"Nilitaka kumwondoa mtu wa katikati."

"Ulimwondoa Seth ukaniweka mimi," alisema Loisi. "Bunge la nchi liko Dodoma mjini. La Chilunje liko humu kati ya waya, na mbunge ni mmoja."

"Mimi angalau nilichaguliwa," alisema Seth.

"Na vigae vyako navyo vilichaguliwa?"

Walibishana hadi jua likahama upande wa pili wa kibanda. Mwisho walikubaliana hivi: kompyuta ibaki na mfuko, maana haijengi choo. Kura zipigwe kwa mikono, pale kwenye pampu, watu wakionana. Wapatikane wachache kwa bahati nasibu ya vikaratasi, wabadilishwe kila mavuno, na kazi yao iwe kuituma kwenye kompyuta ile idadi ya mikono tu, mbele ya macho ya wote.

Khalidi akainamisha kichwa. "Kubadilisha utaratibu kunahitaji kura. Ya simu."

Wote wakamgeukia Loisi.

"Sibonyezi," alisema. "Nimechoka kuwa nchi. Kila mtu aje na kidole chake."

Ilichukua mchana mzima. Loisi aliwaelekeza mmoja mmoja, akiwa amewapa mgongo asione namba zao za siri. Mzee Eliakimu alibonyeza vibaya akampigia mkwewe wa Mtera, wakasalimiana hadi salio likaisha. Jioni utaratibu mpya ukapita, na marehemu Luka, kwa mara ya kwanza, hakupiga kura.

Jumapili baada ya ibada wakakusanyika kwenye pampu, na Tereza akaisoma upya hoja yake. Safari hii alimtazama Loisi.

"Ningekuwa na njia nyingine ningeifuata, wifi," alisema. "Sina." Akanyoosha mkono.

Mikono mingine ikapanda polepole, kama watu wanaoingia maji baridi.

"Wa kutuma idadi tumewapata. Nani ahesabu?" aliuliza Khalidi.

Walitazamana. Seth alianza kuinuka. "Ahesabu Loisi," alisema Eliakimu haraka, na hakuna aliyebisha. Aliyekiri wizi wake mbele ya watu wote walimwona afadhali kuliko aliyekuwa bado akikana.

Loisi akapita mbele yao akihesabu kwa sauti. Alipofika kwa Eliakimu akasimama, maana mkono wa mzee ulikuwa nusu ya njia.

"Baba mkubwa, unakuna sikio au unapiga kura?"

"Wewe unataka iwe nini?"

"Sitaki kitu. Nauliza."

Mzee alimtazama, kisha akaunyoosha mkono wote. Loisi akauhesabu, akaendelea hadi mwisho wa mstari, akataja jumla. Ilikuwa imepita, tena mbali. Hakuna aliyeshangilia.

"Wanaopinga?" aliuliza, kwa sauti ileile ya kuita mbuzi.

Hakuna aliyetikisika. Loisi akanyoosha mkono wake mwenyewe, juu kabisa, akautazama.

"Mmoja," akahesabu.