Aliiona Yeye, Akaichukua Mwingine

Saa nne asubuhi, katika gereji ya nyumba moja ya Stanmore, Matar Khelef amesimama mbele ya mashine isiyo yake. Ananyunyiza unga wa nta juu ya ubao mrefu, anatumbukiza sarafu, anasukuma kisahani cha chuma. Pini kumi zinazoning'inia kule mwisho zinajikunja juu kwa pamoja. Kengele inalia.

"Unaiona ilivyo nzuri?" ananiuliza. "Basi n'naionea wivu, wallahi. Sikufichi."

Matar, 61, mzaliwa wa Wete, Pemba, hulea wazee huko Thornton Heath. Siku za mapumziko hutengeneza mashine za zamani za boling, mchezo wa kuangusha pini, zile za kuchezea kwa sarafu, ambazo siku hizi watu huzikusanya majumbani.

Hii aliiona yeye kwanza, miaka miwili iliyopita, kwenye klabu iliyofungwa. Akakubaliana na mwenyewe, mzee Jaswant, kwa pauni mia nne. Tatizo, hakuwa na gari la kuibebea. Akamwomba mteja wake, Nizar, amsaidie na vani.

Nizar akaja na vani, na pochi pia. Matar akabadilisha fyuzi ya mashine iliyokuwa imezimika, taa zikawaka, na palepale Nizar akataja pauni elfu moja. Jaswant akageuka.

"Na mimi ndiye niliyeiwasha! Ningeiacha na giza lake, leo ingekuwa kwangu."

Sasa kwa nini bado anaihudumia?

"Akiishika fundi mwengine, mimi n'talala?"

Nizar, mwenye duka aliyekulia Dar es Salaam, analeta chai huku akicheka. "Fundi, bado umeninunia tu? Biashara ile, bwana!"

"Sijakununia. Nakuonea wivu," anajibu Matar, akipokea kikombe.

Nizar mwenyewe hajui kucheza. Akijitahidi sana, pini tatu. Matar anamaliza mchezo wake na kuacha alama 280 zikiwaka ubaoni. Zitakaa hapo mpaka mtu atie sarafu nyingine.

"Hizo nakuachia uziangalie," anamwambia.

Nizar anaporudi ndani, Matar anashusha sauti. Mwezi uliopita alinunua vani yake, kuukuu, mlango mmoja haufungiki vizuri. Amesikia ipo mashine nyingine kama hii huko Neasden, na safari hii hamwombi mtu.

Namuuliza, Neasden sehemu gani?

Anafuta mikono taratibu, ananitazama kuanzia viatuni.

"Kwani wewe, mwandishi, umekuja na gari?"