Rubisi ya Kumrudisha Ingabire

Pale Ihanda, ukitaka rubisi, ile pombe ya ndizi, isiyo na lawama, ulimtafuta Hagenimana. Alijua kuchagua ndizi zilizoiva sawasawa, alijua kiasi cha majani ya kuchanganya kabla ya kuzikanyaga, na mtama aliukaanga mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu. Miguu yake ilikuwa na sifa mpaka Bweranyange. Na ujira? Hapo ndipo penye balaa. Mkanyaga ndizi alilipwa kwa pombe ileile aliyoikanyaga. Unamaliza kazi, unapewa kibuyu chako, na ukiondoka nacho kikiwa bado kimejaa watu wanasema unaringa. Basi Hagenimana hakuringa hata siku moja.

Miaka ikaenda hivyo. Rubisi ikawa haimtoshi, akahamia kwenye gongo, na gongo haina utani na mtu. Alikunywa asubuhi ili mikono iache kutetemeka, akanywa mchana kwa kuwa asubuhi ilishapita, na ya jioni tuyaache. Sare ya shule ya binti yake Placidia aliinunua Celestin, kaka yake mkubwa. Mke wake, Ingabire, alivumilia mpaka akachoka kabisa. Hakupiga kelele. Alifunga mizigo, akamwita dereva wa bodaboda, akamchukua mtoto na kurudi kwa baba yake Nyakatuntu, kule Kyerwa.

"Baba Placidia," alimwambia mlangoni, "ahadi zako ninazo za kutosha. Zilizobaki kaa nazo."

Baadaye baba yake, mzee Nsanzimana, akatuma salamu: mkwe aje mwenyewe akiwa mtu, la sivyo ahesabu kwamba hana mke.

Salamu hizo zilimwingia Hagenimana hadi kwenye mifupa, akaamua kuacha. Akaacha kama wanaume wetu wanavyopenda kuacha vitu, kwa kishindo. Alimwaga gongo yote, akamwomba Celestin amfungie kwenye stoo ya kahawa na asimfungulie hata akilia. Celestin naye, Mungu amsamehe, akafunga. Wote wawili waliamini ulevi ni ujeuri tu, na dawa ya ujeuri ni kufuli. Haukupita muda Hagenimana akaanza kuona siafu wakipanda ukutani, na siafu hawakuwepo. Halafu akaanguka, akakakamaa, povu likamtoka mdomoni. Jirani mmoja akasema ametupiwa kitu, atafutwe mganga haraka. Lakini Celestin alikuwa ameshaita pikipiki. Wakamweka katikati, wakamkimbiza hospitali.

Huko ndiko alikokutana na Costansia, muuguzi wa kitengo cha afya ya akili, mama mfupi mwenye sauti ya kurudisha ng'ombe zizini. Alianza na Celestin.

"Mtu amekunywa kila siku miaka yote hii, wewe unamfungia stoo? Mwili wake umeshazoea pombe. Ukimkatisha ghafla hivyo anaweza kufa. Mngemleta hapa tangu mwanzo, tungemwachisha tukiwa tunamwangalia."

Celestin, mtu mzima mwenye mvi, akatazama chini kama mwanafunzi aliyechelewa. Kwa mgonjwa Costansia alikuwa mpole zaidi. Alimtundikia dripu, akampa vitamini na dawa ya kutuliza mtetemeko, ambayo daktari aliipunguza kidogo kidogo mpaka siafu wakaondoka wote.

Akili ilipomrudia, Hagenimana akaomba viatu vyake aende nyumbani. Amepona, alisema. Costansia akacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka.

"Hapo tumetoa sumu tu, baba. Kupona hujaanza."

Akavuta kiti, akamweleza. Mijini zipo nyumba za nafuu, mtu anakaa miezi na wenzake walioacha, mbali na vijiwe vyake. Zipo dawa za kupunguza hamu, daktari akiona zinamfaa na zikipatikana. Upo ushauri wa kuja kliniki na kurudi nyumbani. Na lipo kundi la walioacha, linalokutana kwenye ukumbi wa kanisa. Kila mtu na njia inayomfaa, na wengine huhitaji zaidi ya moja.

"Na maombi?" aliuliza Hagenimana, maana ni mtu wa kanisa.

"Omba sana," akajibu Costansia. "Na kliniki uje."

Nyumba ya nafuu ilikuwa mbali, akachagua kliniki na kundi. Kule kwenye kundi akampata Benjamin, dereva wa bodaboda ambaye zamani alikuwa akilala na pikipiki mtaroni. Huyu Benjamin hana breki za mdomo. Siku ya kwanza tu alimwambia aache kukanyaga ndizi.

"Ndiyo kazi ninayoijua," Hagenimana akasema.

"Ndiyo baa yako pia. Una mikono, tafuta nyingine."

Alinuna wiki nzima. Kuambiwa uache kitu unachosifiwa kila mahali, si mchezo. Lakini alikwenda kuitafuta hiyo kazi nyingine. Akaomba vibarua vya kupalilia na kuchuma kahawa, akawa anasema mapema, kabla hajashika jembe, kwamba yeye alipwe chochote isipokuwa pombe. Wenye mashamba walimcheka. Mmoja akamuuliza kama sasa analipwa kwa maziwa ya mtoto. Akampa maharage, Hagenimana akayabeba akaenda nayo nyumbani.

Na tusidanganyane, alianguka. Ilikuwa msibani, kibuyu kilipita, akakipokea. Kesho yake alikwenda kliniki kichwa kinauma, amejiandaa kufukuzwa. Costansia alimkaribisha kiti. "Umeanguka na umekuja," alisema. "Sasa tuangalie ulijikwaa wapi." Wakaangalia: alikwenda peke yake, na hakuwa na neno la kusema kibuyu kilipomfikia. Tangu hapo hakwenda tena mahali penye pombe bila mwenzake na bila neno lake mdomoni.

Msimu wa kahawa ukaja ukapita. Mashavu yakarudi, usingizi ukarudi, hata sauti yake ya kuimba kanisani ikarudi, ingawa kwa hiyo majirani hawakufurahi sana. Sasa akawa mtu. Ikabaki kwenda Nyakatuntu.

Lakini kwetu mke aliyerudi kwao hafuatwi mikono mitupu. Unapeleka pombe, ndiyo faini yako, ndiyo heshima yako. Na pombe unayopeleka lazima uionje wewe kwanza mbele ya wakwe, waone kwamba hukuja kuwaua. Mkwe asiyeonja alichokileta, huyo ana lake jambo. Hagenimana alipolifikiria hilo alikwenda kumwambia Celestin. Kile kilichomfukuza mke ndicho hichohicho kilichotakiwa kumrudisha.

"Gusa kwa ulimi tu," Celestin alimshauri.

"Ulimi ndio ulionifikisha stoo," akamjibu.

Benjamin akamfanyisha mazoezi. Alijifanya mkwe, akakohoa kizee, akamsogezea kikombe cha maji na kumwambia onja. Hagenimana akasema neno lake. Wakarudia mpaka Benjamin akachoka kukohoa.

Siku ikafika. Celestin ndiye aliyebeba kibuyu. Kwa Nsanzimana waliwakuta wazee wamekaa kwenye viti, na Ingabire ameketi mkekani upande wa baba yake, uso hausemi kitu. Walipoamkia shikamoo, Nsanzimana akapokea polepole. Habari za mvua zikaulizwa, habari za mifugo zikaulizwa. Kisha Celestin akatoa kibuyu.

"Kilicholetwa kionjwe," akasema Nsanzimana.

Celestin akakiinua.

"Kwani wewe ndiye uliyeoa?" akauliza baba mdogo wa Ingabire.

Celestin akakishusha. Hagenimana akasimama. Neno lake alikuwa nalo.

"Baba, rubisi hii haina kasoro. Mwenye kasoro ni mimi. Pombe ni ugonjwa kwangu, natibiwa, na tone moja linaweza kunirudisha nilikotoka. Nilimtesa binti yenu, na hilo naliombea msamaha hapa mbele yenu. Mkiona nimewadharau, nifukuzeni. Lakini sitaonja."

Baba mdogo akageukia wenzake.

"Anatuletea kitu asichokinywa mwenyewe. Mmewahi kuona?"

Wazee wakanong'ona. Nsanzimana akashika fimbo yake na kuinuka, na kila mtu aliyemjua alijua kinachofuata: chukueni kibuyu chenu, njia mnaijua. Hagenimana akainamisha kichwa. Ameshampoteza, aliwaza, na hata hivyo hakuutazama mkono wa Celestin ulioshika kibuyu.

Ingabire akasimama. Hakuwa na haraka. Akakunja khanga yake vizuri, akatoka upande wa baba yake, akapita katikati ya wazee bila kumtazama hata mmoja, akaenda kupiga magoti kando ya mume wake. Akachukua kibuyu mikononi mwa Celestin, akanywa funda moja, akafuta midomo.

"Kimeonjwa," alisema. "Kimeonjwa na mwenye nyumba iliyokileta."

Machozi yakamtoka Hagenimana mbele ya wakwe, na hakuona aibu hata chembe. Alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuipata ndani ya kibuyu chochote tangu azaliwe.

Nsanzimana alimtazama binti yake, akamtazama mkwe wake, akaketi tena. Akanyoosha mkono apewe kibuyu, akanywa, akampitishia mdogo wake. Halafu akaita upande wa jikoni.

"Mwiteni Placidia. Mwambieni baba yake amekuja."